Rola kosta kwa mtu wa Dar: Kunduchi kwanza, Johannesburg, au moja kwa moja Abu Dhabi?

Mtu wa Dar anayetaka kupanda rola kosta yenyewe hasa, ile ya reli za chuma inayokupandisha mita 40 au 50 hewani na kukuachia, hana namna ila kukata tiketi ya ndege. Jijini tuna slaidi za maji na mabembea, na baadhi si ya kubeza, lakini reli ya ukubwa huo hatuna. Safari mbili ndizo zinazoingia kwenye mahesabu ya watu wengi: bustani ya burudani ya Gold Reef City, Johannesburg, na ile ya Ferrari World iliyoko kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Ipo na ya tatu, ya gharama ya Jumamosi moja: kwenda kwenye slaidi za maji za Kunduchi na kuupima mwili kwanza kabla hujatoa hela ya ndege.

Swali linaloulizwa sana ni "ipi ina kasi zaidi?" Jibu lake ni rahisi, na halisaidii kuchagua. Kasi peke yake mwili hauisikii. Kwenye ndege unakwenda zaidi ya km 800 kwa saa huku unakunywa chai na kikombe kimetulia. Kinachosikika ni kasi inapobadilika, na inakusukuma kuelekea wapi. Kwa hiyo anza na hilo, bustani zifuate.

Mwili unasikia nini

Kuna kule kukandamizwa kitini, treni inapofika chini ya mteremko na kuanza kupanda tena. Kipimo chake ni G. Ukiwa umekaa sebuleni uko kwenye G 1. Ukiwa kwenye G 4, mtu wa kilo 70 anakikalia kiti kwa uzito wa kilo 280. Damu inavutwa kwenda miguuni, na hali hiyo ikidumu sekunde kadhaa macho huanza kuona kijivu, ndiyo maana wasanifu huipa muda mfupi sana.

Kinyume chake ni kuelea. Treni inavuka kilele, makalio yanaachana na kiti, tumbo linabaki juu. Wengi wanaosema hawapendi rola kosta wanachochukia ni hicho tu, mengine wanayamudu vizuri.

Halafu kuna kutupwa ubavuni kwenye kona, ambako ndiko kunakoacha shingo ikiuma kesho yake, na kuna kusukumwa kwa nyuma pale treni inaporushwa kutoka iliposimama. Kupinduka kichwa chini, ambako ndiko kunakotisha watu wakiwa wamesimama chini wanatazama, mara nyingi ni kwepesi kuliko vyote: juu ya kitanzi nguvu ya mzunguko bado inakubana kitini, na usipofumbua macho huenda usijue kwamba ulipinduka.

Hesabu moja inafaa kuibeba kichwani. Rola kosta inayopandishwa kwa mnyororo haina injini baada ya kilele. Inatumia urefu wake tu. Mteremko wa mita 20 hauwezi kukupa zaidi ya km 71 kwa saa, wa mita 50 hauzidi km 113, na hapo msuguano wa magurudumu na upepo bado haujachukua chake. Inayorushwa kwa mtambo haifungwi na hesabu hiyo. Ili kupata km 240 kwa saa kwa kuanguka tu, ungehitaji mlima wa zaidi ya mita 226, urefu ambao hakuna jengo Dar linaloufikia.

Kunduchi

Wet 'n' Wild, bustani ya slaidi za maji, iko ufukweni Kunduchi. Unatoka Barabara ya Bagamoyo na kuingilia Mtongani. Aliye ng'ambo ya bahari atasogea Fun City, Kigamboni. Usiende kuogelea tu. Nenda na maswali mawili.

La kwanza linajibiwa na slaidi ya wima, ile iliyonyooka. Kwa mita 10 za urefu, kasi ya kwenye karatasi ni km 50 kwa saa. Halisi huwa pungufu. Ila sekunde ya kwanza, pale mgongo unapoachana na plastiki, ni kuelea kulekule kwa kwenye reli. Ukifika chini ukatamani kurudi juu, kuelea si tatizo lako. Ukifika chini umekasirika, kumbuka hilo wakati wa kuchagua huko mbele. La pili linajibiwa na slaidi ya bomba lililofunikwa: giza, kona usizoziona, mwili unapigwa kulia na kushoto. Wenye shingo au mgongo mbovu hapa ndipo wanapojijua.

Namna ya kulala ina maana yake. Unalala chali, kifundo kimoja juu ya kingine, mikono imekunjwa kifuani, kidevu kimeinama kidogo. Miguu ikiachana, maji ya chini hupiga kwa nguvu pasipopaswa, na wanawake hasa wanaweza kuumia. Viwiko vikitoka nje vinakwaruzwa kwenye maungio ya vipande vya slaidi. Ukigusa slaidi kwa mabega na visigino tu unakwenda kasi zaidi. Ukiinuka kukaa unapunguza mwendo, na kwenye kona unaweza kupinduka. Unapokaribia dimbwi, toa pumzi kwa pua, la sivyo utapanda tena ukiwa na kikohozi. Jinzi haziruhusiwi, na sababu yake ni zipu na vifungo vya chuma: vinachimba plastiki, na palipochimbwa panachana ngozi ya anayefuata.

Ajali ya kawaida kabisa kwenye slaidi haitokani na urefu. Ni mtu wa pili kuachiwa kabla wa kwanza hajatoka kwenye dimbwi. Subiri ishara ya mhudumu hata kama foleni nyuma yako inapiga kelele, na ukifika chini ondoka hapo kwanza, nguo utazirekebisha pembeni.

Jaribio hili lina mipaka yake. Maji hayakupi G nyingi, hayakupindui, na hayakurushi.

Johannesburg

Gold Reef City imejengwa palipokuwa mgodi wa dhahabu, na hilo si pambo la bango la nje tu. Tower of Terror, iliyojengwa 2001, inakupandisha wima kama lifti, inakusogeza ukingoni, kisha inakudondosha mteremko wa karibu mita 47 ambao mwisho wake uko chini ya ardhi, ndani ya shimo la mgodi. Inatajwa kufikia G 6.3 pale chini, na kwa rola kosta hiyo ni namba ya juu mno. Haidumu: ni kufumba na kufumbua. Lakini aliyewahi kuumia diski ya mgongo hana anachotafuta pale. Reli yenyewe ni fupi. Baada ya shimo hakuna mengi yaliyobaki, na kuna watakaoshuka wakiona wamepunjwa. Sisi tunaona muda wa kusubiri ukingoni, miguu ikitazama shimo, ndio ulionunuliwa kwa ile tiketi.

Anaconda ya 1999, kazi ya kampuni ya Giovanola ya Uswisi, ni mnyama mwingine. Treni inaning'inia chini ya reli, miguu yako iko hewani, na inafika km 90 hivi kwa saa. Kwa aina hii ya rola kosta kuelea ni kidogo. Kazi kubwa ni kukandamizwa na kupinduliwa. Kwa hiyo yule aliyekasirika kwenye slaidi ya wima Kunduchi aanze na hii, hata kama kwa macho ndiyo inayotisha zaidi. Kizuizi chake ni cha mabegani. Egemeza kichwa nyuma na ukiache hapo: ukiinama mbele kutazama miguu yako, kona ya kwanza itakupigisha sikio kwenye kizuizi. Kandambili ziache chini. Viatu vifungwe kamba.

Golden Loop ni kongwe. Ilianzia Carowinds, Marekani, mwaka 1977, ikafanya kazi huko hadi 1988, ndipo ikaletwa Johannesburg. Muundo wake ni rahisi na wa kijanja: treni inarushwa kwenye reli iliyonyooka, inapita kitanzi kimoja, inapanda mnara wa mbele mpaka inaishiwa nguvu, kisha inarudi kinyumenyume kupitia kitanzi kilekile. Kurudi nyuma bila kuona unakoelekea kunazidi kwenda mbele. Kama una nafasi ya moja tu ya kumwonjesha mtu mgeni wa mambo haya, mpe hii: fupi, haimpigi shingo sana, na akishuka anajua kama anataka zaidi.

Upande wa safari, Johannesburg ina faida moja inayozidi zote. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza ya matembezi ya hadi siku 90. Ndege ya moja kwa moja ni saa tatu na nusu hivi, na kutoka uwanja wa OR Tambo hadi bustanini ni kilomita 30 kwa makadirio. Unaweza kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili usiku. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hayumo kwenye safari, barua yake ya ridhaa. Kubishana kaunta ya uhamiaji huku mtoto analia hakuna mshindi. Pita kwa gari la kuita kwa simu, usitembee kwa miguu nje ya eneo.

Kinachowaponza watu wa Dar huko ni kalenda na hewa. Nje ya likizo za shule bustani kwa kawaida hufungwa Jumatatu na Jumanne, kwa hiyo safari ya kazi ya mwanzo wa wiki haifai. Jiji liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi tumezoea hewa nzito ya pwani, na siku ya kwanza kupanda ngazi tu kunaweza kukupa kichwa kizito. Kunywa maji, na siku ya kutua usiifanye siku ya kupanda. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, na ubaridi huo ukikupiga usoni kwa km 90 kwa saa macho yanatoa machozi yenyewe. Miezi ya Novemba hadi Februari kuna joto zuri, ila alasiri ngurumo na radi ni jambo la kawaida, na radi ikikaribia rola kosta zote zinasimamishwa. Panda asubuhi, shughuli za kula na kutembea ziwe mchana. Mwenzako asiyetaka kupanda chochote ana Makumbusho ya Apartheid hapohapo jirani, na hatajuta.

Abu Dhabi

Hapa unakwenda kwa jambo moja: Formula Rossa ya Ferrari World. Ilifunguliwa pamoja na bustani yake Novemba 2010, inatoka sifuri hadi km 240 kwa saa kwa chini ya sekunde tano, na reli yake inazidi kilomita mbili. Kwa miaka mingi hakuna iliyoifikia duniani. Sasa kuna Falcons Flight ya Qiddiya, Saudi Arabia, iliyosanifiwa kufika km 250.

Namna inavyorushwa inafaa kujulikana, kwa sababu inaeleza mengi utakayoyaona kwenye foleni. Gesi ya naitrojeni imebanwa kwenye mitungi mikubwa. Inapoachiwa inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha mota, mota zinavuta kebo, na kebo inaburuta treni. Kati ya treni moja na nyingine mtambo lazima ujijaze tena, hivyo foleni yake haiendi haraka. Mtambo wa aina hii una sehemu nyingi za kuchoka, kwa hiyo kufungwa kwa muda kwa ajili ya ukaguzi si ajabu. Angalia programu ya bustani asubuhi, na ukiiona imefunguliwa nenda hapohapo. Usiseme utaipanda jioni.

Utapewa miwani ya kukinga macho na hutapanda bila hiyo. Kwa kasi ile chembe ya mchanga au mdudu ni risasi. Mwenye miwani ya macho aiulizie kabla ya kukaa, na aliyevaa lenzi abane macho sekunde za kwanza. Kimo cha chini ni sentimita 140, kipo na kikomo cha juu kwa warefu sana. Mpime mtoto nyumbani akiwa peku. Kumkatisha tamaa Dar ni afadhali kuliko kumkatisha tamaa mlangoni baada ya ndege ya saa tano na nusu.

Msukumo wenyewe ni mpole kuliko watu wanavyodhani. Ukigawa km 240 kwa sekunde 4.9 unapata wastani wa G 1.4 mgongoni, ambazo mwili wenye afya unazibeba bila shida. Ugumu uko kwenye upepo: mashavu yanapepea, pumzi inakataa kuingia. Vuta hewa kabla, toa kidogokidogo kwa mdomo, uso utazame mbele. Mbele kuna kilele cha mita 52, kisha vilima vya kuelea. Kwa hiyo mwenye chuki na kuelea asidanganyike kwamba hii ni mbio za gari tu.

Tukiwa wakweli, kwa mtu anayependa rola kosta na si rekodi, Flying Aces ya bustani hiyohiyo, ya 2016, ndiyo bora zaidi. Inafika km 120 tu, ina kitanzi cha mita 52, na vilima vyake vinakuinua kitini tena na tena. Wageni wengi wanamaliza nguvu zote kwenye foleni ya Rossa na kuipita hii wakienda kununua kofia.

Asiyetaka kutoka Dubai ana Velociraptor ndani ya IMG Worlds of Adventure: sifuri hadi km 100 kwa sekunde mbili na nusu, inaanzia ndani ya jengo na kutokea jangwani. Kasi ni pungufu kwa zaidi ya nusu, lakini hesabu tena: hizo ni G 1.1 hivi mgongoni, si mbali na Rossa. Kama ulichokipenda ni kule kusukumwa, na kilichokuchosha ni barabara ya zaidi ya saa moja kwenda Yas, hii inatosha.

Upande wa safari, viza lazima iombwe kabla ya kuondoka, na hapo ndipo bei inapopanda hata kabla ya hoteli. Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40. Bustani ina paa na viyoyozi, ila reli ya Rossa iko nje, na kizuizi cha chuma kilichokaa juani kinasikika hata juu ya suruali. Novemba hadi Machi ndio wakati wake. Upepo mkali wa mchanga nao huifunga.

Treni ikisimama

Hili linatisha wageni kuliko mteremko, na halipaswi kutisha hivyo. Reli imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni mbili kwenye kipande kimoja. Mtu akichelewa kufunga mkanda stesheni, treni iliyo nyuma yake itasimamishwa, pengine juu kabisa kwenye mnyororo. Ule mlio wa ka-ka-ka unaousikia mkipanda ni meno ya chuma yanayozuia treni isirudi nyuma, hayategemei umeme. Breki nyingi za siku hizi ni za sumaku, nazo zinashika hata umeme ukikatika. Kwenye ile ya kurushwa, mara mojamoja treni huishiwa nguvu kabla ya kilele na kurudi nyuma taratibu. Breki huwa zimeshainuka kwenye njia iliyopitia, zinaishika, mnarushwa upya. Kaa kimya kitini. Aliyeumia katika hali hii kwa kawaida ni aliyejaribu kujitoa mwenyewe.

Kabla ya kupanda, popote

Mjamzito asipande, wala mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa, au mshono wa upasuaji wa karibuni. Tumbo tupu kabisa linachafuka kama tumbo lililojaa. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Chipsi mayai zisubiri. Mwenye kuchafukwa na safari akitumia dawa ya cinnarizine aimeze saa mbili kabla, na ajue italeta usingizi. Wigi livuliwe, rasta ndefu zifungwe nyuma na kuchomekwa ndani ya shati, mtandio ufungwe bila ncha inayoning'inia na bila pini. Buibui pana likusanywe chini ya mapaja kabla kizuizi hakijashuka. Simu ibaki kabatini. Ikidondoka kwa km 90 inakwenda kumpasua mtu.

Kuhusu kiti: mbele unaona kila kitu na upepo wote ni wako. Nyuma ndiko kunakorusha, kwa sababu treni inakuwa imeshashika kasi wewe unapovuka kilele, sawa na kiti cha mwisho cha daladala ikipita tuta bila kupunguza mwendo. Katikati ndiko kwa mwoga na kwa mwenye mgongo. Ukipanda asubuhi na ukarudi saa kumi utaona treni ileile ina haraka zaidi, kwani grisi na magurudumu vimeshapata joto. Kwa hiyo mgeni apande asubuhi, mstari wa katikati; aliyekuja kwa ajili ya kurushwa arudi alasiri na aombe wa nyuma. Foleni ya mstari wa mbele huwa ndefu mara mbili, na kwa Anaconda, ambako mwenye kiti cha nyuma anatazama migongo ya viti tu, hapo pekee ndipo inapostahili kusubiriwa.